Bao la jana Mkomani liko wapi leo?



Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze mchezo. Msinikimbie, kompyuta zitaingia muda si mrefu. Nina hoja moja nataka kuitetea: sisi watu wa pwani tunaojua kuandika programu tuna deni kwa wachezaji wetu wa bao. Na deni lenyewe si kuwatengenezea programu ya simu yenye rangi za kumetameta. Deni ni kuiandika michezo yao. Namaanisha kuiandika zamu kwa zamu, mpaka mtu ambaye hakuwepo aweze kuurudia mchezo wote mbele ya ubao wake.

Nitaanza na sataranji, maana ndiyo itakayotuonyesha tunachokikosa.

Mchezo wa 1999 ambao bado upo

Tarehe 20 Januari 1999, katika mashindano ya Wijk aan Zee kule Uholanzi, Garry Kasparov wa Urusi alikaa na Veselin Topalov wa Bulgaria. Kasparov wakati ule ndiye aliyekuwa nambari moja duniani. Topalov naye hakuwa wa kuchezewa: mwaka 2005 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa shirikisho la FIDE. Kasparov alicheza nyeupe. Katika hatua ya 24 akaitoa ngome yake iliwe, na Topalov akaila. Hatua iliyofuata akaitoa ngome ya pili. Hiyo Topalov hakuigusa, lakini mfalme wake alishatolewa nyumbani. Akafukuzwa ubao mzima, kutoka upande wake mpaka akajikuta amesimama katika safu ya kwanza ya Kasparov, pale ambapo mfalme mweusi hana kazi kabisa. Hatua ya 44 Topalov akasalimu amri.

Mimi sikuwepo Uholanzi siku hiyo. Lakini nimeurudia mchezo ule mara nyingi sana hapa Mkomani, kwenye laptop, nikiusimamisha pale kwenye hatua ya 24 na kujiuliza: kama Topalov asingeila ile ngome, ingekuwaje? Injini ya sataranji ninayo, naiuliza, inanijibu. Na faili zima la mchezo huo, pamoja na majina ya wachezaji, mahali na tarehe, halifiki hata kilobaiti moja. Picha moja tu ya simu yako ni kubwa kuliko maelfu ya michezo kama ule.

Hili halikutokea kwa bahati. Mwaka 1737 mtu mmoja wa Aleppo huko Sham, jina lake Philipp Stamma, alichapisha kitabu cha sataranji mjini Paris. Ndani yake kila mraba wa ubao alikuwa ameupa jina lake: herufi moja na tarakimu moja. Njia hiyo ilichukua muda mrefu kukubalika, lakini ndiyo mama wa uandishi unaotumika leo duniani kote. Mashindano makubwa yakaweka sharti kwamba mchezaji aandike hatua zake mwenyewe kwa kalamu huku akicheza. Halafu mwaka 1993 Steven J. Edwards akabuni muundo wa faili uitwao PGN, maandishi matupu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kompyuta pia inaweza kuyasoma. Programu zote zikaufuata muundo huo, na kuanzia hapo michezo ikaanza kurundikana kwenye hifadhidata kama mchanga.

Tena haihifadhiwi michezo ya washindi pekee. Mwaka 2015 Mganda Arthur Ssegwanyi alifika Kombe la Dunia la sataranji mjini Baku, na katika raundi ya kwanza akapangiwa Anish Giri wa Uholanzi, mmoja wa wachezaji wakali kabisa duniani. Ssegwanyi alifungwa yote miwili. Lakini michezo ile ipo. Kijana wa Kampala au wa Kisumu anaweza kuifungua leo usiku, aone mtu wa kwao alisimama wapi imara na alianza kuteleza wapi, kisha ajifunze. Kushindwa kwa Ssegwanyi kumegeuka darasa. Nani kwetu ana darasa kama hilo la bao?

Sasa njoo huku kwetu

Hapa Mkomani, kama kule Kisiwani na mitaa mingine ya pwani, baada ya Alasiri wazee hukaa barazani. Wengine wanacheza dhumna, wengine karata, na wengine bao. Hili la mwisho ndilo ninalolizungumzia. Ubao wa mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kete 64, na kete zenyewe ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu zake mbili na kete zake 32. Katika bao la Kiswahili unaanza na kete kumi tu ubaoni: sita katika nyumba, mbili na mbili katika mashimo yanayofuata. Kete 22 zinabaki mkononi, unaziingiza moja moja kila zamu. Hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikiisha mnaingia katika mtaji, na hapo anayejua na asiyejua wanajulikana.

Kwa wale ambao hawajawahi kulicheza, msidanganyike na udogo wake. Hakuna dadu, hakuna bahati, hakuna kilichofichwa. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Lakini hatua moja inaweza kuzaa nyingine ndani ya zamu ile ile: umekula, umesambaza, kete ya mwisho imeangukia penye kete na inatazamana na kete za mwenzako, unakula tena, unasambaza tena, na ubao wote unabadilika sura. Fundi wa bao anauona mwisho wa safari hiyo kabla hajanyanyua kete ya kwanza. Mimi nikikaa na kalamu na karatasi nachukua dakika kadhaa kuhesabu kile ambacho mzee anakimaliza kabla hajameza funda la kahawa.

Kwa wapenda hesabu: njia za kupanga kete 64 katika mashimo 32 ni takriban 1 ikifuatwa na sufuri 25. Si kila mpango unaweza kutokea katika mchezo halisi, lakini idadi hiyo inakupa picha ya ukubwa wa bahari wanayovuka wazee wetu kila jioni bila dira.

Basi wakakaa mafundi wawili, watu wazima wanaoheshimika katika mtaa. Watu wakajaa. Mchezo ukavutana karibu saa nzima, na mwisho mmoja akatakasia, akamfungia mwenzake njia zote isipokuwa ile asiyoitaka. Wallahi ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kuushuhudia kwa macho yangu. Siku ya pili yake nikapita pale barazani, nikakuta ubishi umewaka. Mmoja anasema mchezo uliharibika pale nyumba iliposafiri mapema. Mwingine anasema hapana, uliharibika kabla ya hapo, kwenye namua. Wa tatu anasema aliyeshindwa alikuwa na njia ya kujiokoa hakuiona. Nikauliza: "Ami, tuupange tena ubao tuone." Wakanitazama. Nani aliyekumbuka ubao ulivyokuwa?

Mchezo ule haupo tena. Mmoja wa wale mafundi wawili naye ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Alicheza bao zaidi ya miaka hamsini. Ukimuuliza mtu yeyote mtaani atakwambia alikuwa fundi. Ukiuliza alikuwa fundi kwa vipi, alipenda kuilinda nyumba au kuisafirisha, alishambulia kwa mkono gani, alijitoa vipi akibanwa, utapata hadithi tu. Hatua zake hata moja hatuna.

Muyaka aliokolewa na mwalimu

Mtu anaweza kusema ndivyo ilivyo desturi yetu, mambo yetu ni ya mdomo. Ngoja nikukumbushe jambo moja la hapa hapa Mombasa.

Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa mji huu, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu, yakiimbwa na kutajwa barazani. Baadaye, katika karne ile ile ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika, akishirikiana na William Taylor, mmishenari Mwingereza aliyekuwa akikaa Mombasa. Mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kama *Diwani ya Muyaka*. Leo Muyaka anasomwa vyuoni. Wanafunzi wanaandika tasnifu juu yake, na sisi tunajivuna kwamba ni wetu. Fikiria Mwalimu Sikujua angesema "haya ni mambo ya mdomo, tuyaache". Tungebaki na jina la Muyaka na mistari michache yenye mashaka.

Na ushairi una vina na mizani. Vina na mizani vinasaidia kukumbuka. Bao halina vina. Mchezo ukiisha, kete zinazolewa, zinatiwa mfukoni, na hakuna kinachobaki cha kumsaidia mtu akumbuke.

Wenzetu wa nje wameliona hili kabla yetu. Mwaka 1995 Alexander de Voogt alitoa tasnifu katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, yote ikiwa juu ya ubingwa wa bao, baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar na kuchunguza jinsi wanavyofikiri. Mwaka 2002 watafiti wa Maastricht, Uholanzi hiyo hiyo, waliandika juu ya kuifundisha kompyuta kucheza bao. Siwalaumu hata kidogo, nawashukuru. Lakini jiulize: mtoto wa Mkomani akitaka kusoma kwa makini jinsi babu yake anavyofikiri mbele ya ubao, kwa nini safari yake ianzie Leiden?

Kuliandika bao ni rahisi kuliko unavyodhani

Hapa sasa nazungumza kama mwandishi wa programu. Watu wengi wanadhani bao haliandikiki kwa sababu mkono wa fundi unakwenda mbio, kete zinaruka shimo hadi shimo, jicho haliwezi kufuata. Ni kweli jicho haliwezi. Lakini halihitaji.

Ukishajua ubao ulivyokuwa, zamu nzima ya bao inaamuliwa na mambo matatu tu:

1. Mchezaji ameanzia shimo gani. Ana mashimo 16, basi tuyape namba 1 mpaka 16.

2. Amekwenda upande gani, kulia au kushoto.

3. Kete ya mwisho ikiangukia nyumba, na kanuni inamruhusu kuchagua, je amesimama au amesafiri?

Yote yaliyobaki, kula, kusambaza, kula tena, yanafuata kanuni. Hakuna hiari ndani yake. Kwa hiyo mwandishi hana haja ya kuzifukuza kete kwa macho. Anaangalia mkono unapoanza na unapoelekea, anaandika, kisha anangoja zamu ya pili. "5K" maana yake shimo la tano, kulia. "3S" shimo la tatu, kushoto. Akisafirisha nyumba unaongeza alama ya kujumlisha. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufanya kazi hii huku anakula mhamri.

Sasa tazama hesabu yake. Mashimo 16 mara pande 2 mara uamuzi 2 wa nyumba ni 64. Yaani kila zamu ya bao inaweza kuandikwa kwa biti sita. Ukichagua alama 64, tuseme herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama mbili za ziada, basi kila zamu ni alama moja tu. SMS ya kawaida inabeba alama 160. Namua haiwezi kuzidi zamu 44, kwa kuwa kila mchezaji ana kete 22 za kuingiza. Zinabaki nafasi 116 za mtaji. Ndugu zangu, mchezo mzima wa mafundi wawili unaweza kuingia katika SMS moja! Huhitaji intaneti ya kasi, huhitaji simu ya bei mbaya, huhitaji mfadhili. Na kama mchezo ni mrefu mno, tuma SMS ya pili.

Kuna faida nyingine nzuri sana. Katika bao, kula ni lazima. Kama kuna nafasi ya kula, huruhusiwi kutakata. Programu ikiurudia mchezo ulioandikwa na kukuta mtu ametakata ilhali alikuwa na kete za kula, au ameanzia shimo lisilo na kete, inajua papo hapo kwamba mwandishi ameteleza na inakwambia ni zamu ya ngapi. Yaani kanuni za wazee wetu zinafanya kazi ile ile ambayo sisi waandishi wa programu tunahangaika kuitungia misimbo ya uhakiki.

Angalizo moja kwa atakayeiandika programu hiyo: weka kikomo cha mizunguko ndani ya zamu moja. Kusambaza katika bao kunaweza kwenda mbali sana, na programu isiyo na kikomo inaweza kuzunguka mpaka betri iishe.

Pingamizi ninazozijua

*"Si bora turekodi video?"* Rekodi, sikukatazi. Video inabakisha sauti, utani na sura za watu, na hivyo ni vya thamani. Lakini video haiulizwi maswali. Huwezi kuitafuta "nionyeshe michezo yote ambayo nyumba ilisafiri kabla ya zamu ya kumi". Tena mikono inafunika mashimo, jioni mwanga unapungua, na faili ni zito. Video na maandishi viende pamoja, lakini ukilazimika kuchagua kimoja, chagua maandishi.

*"Enzi hizi kompyuta inajifunza yenyewe, kuna haja gani ya michezo ya wazee?"* Pingamizi hili ni la maana na nimelifikiria sana. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza AlphaZero, programu iliyopewa kanuni za sataranji tu, ikacheza yenyewe kwa yenyewe, ikaishinda Stockfish. Haikuonyeshwa mchezo hata mmoja wa binadamu. Bila shaka bao nalo linaweza kufanyiwa hivyo. Lakini kompyuta ya namna hiyo itatuambia hatua ipi ni bora. Haitatuambia watu wa Mombasa walicheza vipi, walitofautiana wapi na wa Unguja au wa Lamu, wala ni mtego gani mzee wa Kisauni alimrithisha mwanawe. Hilo la pili halimo ndani ya kanuni hata ukizungusha mashine miaka mia. Limo ndani ya watu tu, na watu wanakufa. Programu ya kucheza bao inaweza kungoja hata miaka kumi ijayo, haitaharibika kitu. Michezo ya wazee haiwezi kungoja.

*"Kanuni zinatofautiana mtaa kwa mtaa."* Vizuri! Basi kanuni nazo ziandikwe juu ya faili. PGN ina vichwa vyake saba vya lazima. Sisi tuwe na vyetu: Mahali, Tarehe, Wa Kaskazini, Wa Kusini, Aliyeanza, Kanuni, Matokeo. Kama kwenu mna jambo mnalifanya tofauti, liandike hapo. Baada ya miaka michache tutakuwa na ramani ya kanuni za bao pwani nzima, kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukipata kwa kukaa ofisini.

*"Wazee hawatakubali."* Hili ndilo zito kuliko yote, na wanayo haki. Fundi wa bao ana siri zake, kwa nini akupe wewe uziweke hadharani mshindani wake azisome? Na wengine wameshachoka na watu wanaokuja na daftari, wanachukua, wanaondoka, na hawaonekani tena. Kwa hiyo adabu kwanza. Unafika, unatoa salamu, unakaa, unaagiza kahawa kama wenzako. Unaomba ruhusa kabla ya mchezo, si baada yake. Asiyetaka jina lake litajwe halitajwi. Anayetaka mchezo wake ukae miaka mitano kabla ya kutolewa, ukae miaka mitano. Na mchezo wa kwanza utakaouandika, urudishe barazani wenyewe wauone kwanza. Nina yakini mzee akiuona mchezo wake wa juma lililopita unarudiwa zamu kwa zamu, na ubishi unaamuliwa mbele ya mashahidi, yeye mwenyewe ndiye atakayekuita siku nyingine.

*"Utamaduni ukiandikwa unakufa."* Sataranji imeandikwa kwa karne kadhaa na bado watu wanagombana juu yake usiku kucha. Walioandika hawakuua kitu. Kwetu ambako hatuandiki, hesabu mwenyewe: katika mtaa wako kuna vijana wangapi chini ya miaka 25 wanaojua namua? Nikiangalia mtaani kwangu, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Tufanye nini basi?

Sipendi makala zinazolalamika halafu zinaishia hewani. Mapendekezo yangu ni haya:

1. Tukubaliane juu ya muundo mmoja wa maandishi. Huu nilioueleza hapo juu ni pendekezo tu, ukiwa na bora kuliko huu ulete. Muhimu uwe maandishi matupu, usimilikiwe na mtu, na uweze kuandikwa kwa kalamu na karatasi. Kitu kinachotegemea programu moja hufa na programu hiyo.

2. Tuandike programu huria ndogo ya kurudia mchezo. Isicheze, isiwe na akili bandia, isiwe na matangazo. Isome faili, ionyeshe ubao, isonge mbele na nyuma, ipige kelele ikikuta kosa. Mtu mmoja anayejua kazi anaweza kuimaliza kwa wikendi mbili. Nyingi ya programu za simu zinazojiita mankala ni za safu mbili, hazina nyumba, hazina namua. Hilo si bao letu.

3. Kila mtaa uanze na wachezaji wawili tu, wale ambao kila mtu anakubali ni mafundi. Michezo kumi ya mafundi wawili ina faida kuliko michezo mia ya watu wasiojua.

4. Baada ya mchezo, muulize mchezaji maswali mawili: ni wapi ulijua umeshinda, na ni wapi uliogopa? Yaandike majibu kwa maneno yake mwenyewe, kwa lahaja yake mwenyewe. Injini haitakupa hayo.

5. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Moja mtandaoni, moja kwenye diski nyumbani kwa mtu, na moja imechapishwa katika karatasi na kuachwa barazani. Anayefanya kazi na kompyuta anajua kwamba nakala moja ni sawa na kutokuwa na nakala.

Nyinyi mnaosoma hapa wengi wenu mnaweza kuandika msimbo, au mna mdogo wenu anayeweza. Wengi zaidi mna babu, ami au jirani anayecheza bao. Mkiviunganisha vitu viwili hivyo, kazi imekwisha anza. Hatungoji wizara, hatungoji chuo kikuu, wala hatumngoji Mholanzi mwingine. Mwalimu Sikujua hakuwa na simu wala umeme, alikuwa na kalamu na masikio.

Nisiwachoshe. Mwenye mchango juu ya muundo wa maandishi, hasa wale wa Lamu, Unguja na Pemba ambao najua mna majina yenu ya mashimo na ya michezo, aandike hapo chini ili tulinganishe. Wale mtakaokwenda kuandika mchezo Jumamosi hii, chukueni kalamu mbili. Ya kwanza huisha wino mtaji ukianza kunoga.

Wakatabahu, wenu katika kete na misimbo.